Mlinzi Hayumo

SEHEMU YA KWANZA

Umeme ulikatika Mbeya, lakini waliobaki gizani tulikuwa sisi wa Iringa.

Pale dukani kwa Fundi, Miyomboni, taa zilikuwa zinawaka. Laptopu zilikuwa na chaji, bando lilikuwepo, na chai ya Mufindi ilikuwa bado inafuka moshi kwenye chupa. Kilichokosekana ni seva. Na seva yetu ilikuwa kompyuta kuukuu iliyowekwa chini ya meza sebuleni kwa Mwalimu, Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kutoka tulipokaa, ikiwa na betri isiyomaliza nusu saa.

Fundi akaifunga laptopu yake kwa kishindo. "Mnaona? Watu watano tumekunja mikono kwa sababu ya waya mmoja wa Mwalimu. Hii ni programu huria au ni duka la mtu?"

Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa tumelisikia swali hilo kila mara umeme ulipokatika, na Mbeya ulikatika mara nyingi.

Programu yenyewe ni daftari la chama cha ushirika. Mkulima analeta kahawa yake ya maganda, inapimwa, makato yanaondolewa, naye anajua amelipwa nini sasa na atalipwa nini kwenye malipo ya pili. Tuliitoa kwa leseni ya GNU, kwa hiyo chama chochote kinaweza kuichukua bila kulipa hata senti, kikaifungua, kikaibadilisha. Ilizaliwa kwa ajili ya wakulima wa Mbozi, kule ambako ukitamka CPU mtu anafikiria mtambo wa pamoja wa kumenya kahawa, wala hafikirii ubongo wa kompyuta.

Msimbo wake tulikuwa tunautunza kwa Subversion tangu 2007. Subversion ni karani mmoja mwenye daftari moja. Ukibadilisha mstari unampelekea yeye, naye analipatia badiliko lako namba, anaandika tarehe, saa na jina lako. Karani akilala, ofisi imefungwa. Git, ambayo Fundi alitaka tuhamie, ina utaratibu mwingine. Kila mwanachama anakwenda kwake na daftari zima, tangu ukurasa wa kwanza. Hata ukiwa juu ya jiwe la Gangilonga bila mtandao, unaandika. Mkikutana mnalinganisha.

Umeme uliporudi, Mwalimu alipiga simu. Fundi akaiweka kwenye spika.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba wanangu. Poleni na kusubiri."

"Mwalimu, pole zimetosha," Fundi akasema. "Mwaka 2005 Torvalds na wenzake wa Linux walikuwa wanatunza msimbo wao kwa BitKeeper, mali ya kampuni. Mwenye mali akaghairi, ruhusa ya bure ikaondoka. Mwezi wa nne mwaka ule ule Git ikazaliwa. Wao hawakumsubiri mtu. Hata DHIS2, ile ambayo hospitali zetu zinajazia takwimu, ilikuwa kwenye Bazaar na leo iko kwenye Git. Sisi tunangoja nini?"

"Waundaji wa mfumo wa FreeBSD walikaa na Subversion mpaka 2020 ndipo wakaanza kuhama," Mwalimu akajibu taratibu. "Hawakufa. Mimi sijakataa kuhama, mwanangu. Ila mtu hahami nyumba kabla ya kuhesabu vyombo."

Tulikubaliana. Jumamosi, saa sita usiku, ghala la zamani la msimbo lingefungwa. Mwalimu alitoa sharti moja tu: majina yote yahakikiwe, moja baada ya jingine. Kazi hiyo nikapewa mimi.

Nilidhani ni kazi ya mtoto. Subversion ilikuwa inaandika jina fupi tu la kuingilia, basi. Git inataka jina kamili la mtu na anwani yake ya barua pepe. Kwa hiyo kabla ya kuhama unaandika faili: upande huu jina fupi, upande ule mtu mwenyewe. Majina yalikuwa 23. Mmoja alikuwa ameolewa na kubadili jina. Mwingine anauza simu Muskat. Mwingine ni mhasibu Songea, na alicheka sana kusikia kwamba mistari yake sita ya mwaka 2008 bado inafanya kazi.

Alhamisi usiku nilikuwa nimemaliza. Baridi ya Kihesa ilikuwa inapenya madirishani, nikajifunika lile koti la baba, zito, la vifungo vya shaba, ambalo mama amekataa kuligawa miaka yote hii. Nikaanzisha jaribio la kuhamisha. Mabadiliko yakaanza kupita kwenye kioo kama mabehewa ya TAZARA. 300. 700. 1,100.

Kwenye 1,147 yakasimama.

*Mwandishi "mlinzi" hayumo katika faili.*

Nilirudia kusoma. Nikaipekua orodha yangu mara mbili. Mlinzi hayumo. Alikuwa na badiliko moja tu katika ghala lote, nalo ni la mstari mmoja:

− uzito wa gunia = 2
+ uzito wa gunia = 1

Chini yake aliacha maneno machache: *Wakulima wasikatwe kilo ambayo si ya gunia.*

Nilimpigia Fundi. Nilipolitaja lile jina akanyamaza hadi nikadhani salio limeisha.

"Mdogo wangu," akasema hatimaye, "weka jina langu hapo, umalize kazi, ulale."

"Kwani ni wewe?"

Simu ikakatika. Kabla sijaiweka chini, ujumbe ukaingia. Ulitoka kwa Mwalimu, ambaye sikuwa nimemweleza lolote.

*Usiweke jina la mtu yeyote. Panda basi la alfajiri. Fundi asijue.*

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Kazi ya kuhamia Git imekwama kwenye jina moja, "mlinzi". Fundi anataka jina lake liwekwe. Mwalimu anamwita msichana Mbeya kwa siri.

SASA ENDELEA...

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshaketi dirishani, basi linatoka Igumbilo. Kwenye mkoba nilikuwa na laptopu, flashi mbili na mkate. Koti la baba nililivaa, maana Mbeya mwezi wa sita haina huruma.

Mafinga ilipita na mbao zake, Makambako na upepo wake na wauza mahindi wanaokimbia sambamba na basi. Kisha barabara ikateremka Usangu, joto likaingia, abiria wakaanza kuvua masweta. Igawa, Chimala, Igurusi. Njia nzima nilikuwa najiuliza swali moja. Mtu anayetaka sifa hudai kazi kubwa. Fundi, ambaye jina lake limejaa katika nusu ya ghala letu, anautakia nini mstari mmoja?

Tulipopanda kuelekea Uyole masweta yakarudi mwilini. Mlima Loleza ulikuwa umejifunika ukungu hadi mabegani.

Mwalimu alinipokea mlangoni mwenyewe. Alikuwa amekonda. Aliliangalia koti langu kabla ya kuniangalia usoni, akageukia upande.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba binti yangu. Ingia. Mama yako ameshaivisha ndizi."

Mama, mke wa Mwalimu, alitupakulia ndizi za Tukuyu na maharage, akauliza habari za mama yangu, za mahindi, za baridi ya Iringa. Nikaona niitumie nafasi hiyo.

"Mama, kulikuwa na mtu hapa kwenye kikundi aliyeitwa Mlinzi?"

Kijiko chake kikasimama hewani. "Mlinzi? Si yule baba..."

Mwalimu alikohoa. Mama akainuka, akasema anakwenda kuangalia mkaa, na mkaa ulikuwa unawaka vizuri tu.

Baada ya chakula Mwalimu alivuta kigoda mbele ya ile meza. Seva ilikuwa inanguruma kama paka mzee, imefunikwa kitambaa cha kudarizi.

"Unajua kwa nini nimekuwa nikiwachelewesha?" akaniuliza.

"Watu wanasema hutaki kuachia."

"Najua wanavyosema. Sasa nisikilize. Karani wetu huyu ana kasoro moja. Ukibadilisha msimbo, anakupa namba mpya na cha zamani anakitunza. Lakini jina la aliyeleta badiliko halitunzii historia. Ukilibadilisha jina, la zamani limekwenda. Hakuna namba, hakuna tarehe, hakuna kovu."

"Mtu yeyote anaweza?"

"Hapana. Mlango huo hufungwa tangu siku ghala linapoundwa. Ili ufunguke, mtu mwenye ufunguo wa seva lazima aweke faili moja dogo la kuruhusu mabadiliko ya jina katika kabati la kulabu, ile folda ya hooks. Mimi sijawahi kuliweka."

"Na Git?"

"Git kila badiliko lina utambulisho wa herufi na tarakimu 40. Unakokotolewa kutokana na kila kitu: msimbo, jina, tarehe, na utambulisho wa badiliko lililotangulia. Gusa jina moja la mwaka 2008, na kila kilichofuata hadi leo kitabadilika, na kila mwenye nakala ataona kwamba ya kwako hailingani na yake." Alifuta miwani yake kwa ncha ya shati. "Ni kitu kizuri sana, binti yangu. Ndiyo maana naogopa. Tukiingiza ukweli, umepigwa lakiri. Tukiingiza uongo, nao umepigwa lakiri, tena tumeugawia nyumba kwa nyumba."

Alinipa kibodi. "Mimi macho yangu hayafai tena. Fungua kabati la kulabu. Niambie kuna nini."

Nikaandika amri. Yalitokea mafaili tisa ya mfano, yale yanayokuja na Subversion yenyewe, yote yana tarehe moja ya 2007. Chini yake lilikuwepo la kumi.

Nilihisi mikono inapoa. Lilikuwa lile lile, faili la kufungua mlango. Liliwekwa tarehe 14 Juni 2010, saa nane na dakika kumi usiku.

"Lipo, Mwalimu."

Hakushtuka. Alishusha pumzi ndefu. "Mwezi wa sita wa mwaka ule nilikuwa nimelazwa. Wiki tatu. Ufunguo wa seva nilimwachia mtu mmoja tu. Soma jina la mwenye faili."

Nilisogeza kidole kwenye kioo, safu ya tatu.

*fundi.*

Simu yangu ikaanza kutetemeka juu ya meza. Nilijua ni nani kabla ya kuangalia. Mwalimu akaniashiria nipokee.

"Mdogo wangu," sauti ya Fundi ilikuwa tamu, tamu kupita kawaida, na nyuma yake nilisikia honi na wapiga debe. "Nimepita nyumbani kwenu. Mama anasema umesafiri. Sasa usihangaike kurudi. Nipo Ipogolo hapa, basi la Mbeya hili linajaza mafuta."

SEHEMU YA TATU

ILIPOISHIA: Faili la siri la mwaka 2010 limemtaja Fundi, naye yuko njiani kuja Mbeya.

SASA ENDELEA...

"Tuna saa sita," Mwalimu akasema. "Faili linaonyesha kwamba mlango ulifunguliwa. Halituonyeshi kilichochukuliwa."

"Tutajuaje? Umesema jina la zamani halirudi."

"Katika ghala hili halirudi."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkononi ameshika kopo la biskuti lililopauka. Nafikiri alikuwa ameanza kulitafuta tangu aliposema anakwenda kuangalia mkaa.

"Kila Krismasi," akasema, "watu wengine huchinja mbuzi. Huyu mzee anachoma sidii. Nimegombana naye miaka mingapi!"

Ndani ya kopo kulikuwa na sidii tatu zilizofungwa kwa gazeti. Juu ya moja, kwa mwandiko wa ubaoni, iliandikwa: *Ghala zima. Des. 2009.*

Laptopu yangu haina mahali pa kuingiza sidii. Tulilazimika kuitumia seva yenyewe. Trei yake ilitoka kwa kukwama. Mama akaifuta sidii kwa kanga, kutoka katikati kwenda pembeni kama mtu anayefuta uso wa mtoto, akaiweka. Mashine ikanguruma, ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Kila iliponyamaza Mwalimu alifumba macho.

Ilichukua dakika arobaini. Nikaliunda upya ghala la 2009 pembeni, kisha nikatoa orodha mbili za majina, moja kwa kila ghala, nikaziweka sambamba kwenye kioo.

Hadi Desemba 2009 msimbo ulikuwa ule ule, nukta kwa nukta. Namba zile zile, tarehe zile zile. Tofauti ilikuwa kwenye safu ya jina tu.

Ghala la sasa: 88, fundi. Ghala la 2009: 88, mlinzi.

Ghala la sasa: 91, fundi. Ghala la 2009: 91, mlinzi.

Niliteremka. 104. 130. 131. 132. Hesabu ya makato, malipo ya pili, ukurasa wa mzani, vyote ambavyo Fundi amekuwa akitufundisha kila Jumamosi kama mtu anayesimulia ujana wake. Moyo wa programu nzima uliandikwa na mtu mwingine.

"Alikuwa nani, Mwalimu?"

Alikaa kimya kidogo. "Nilikuwa nafundisha hesabu, na chumba cha kompyuta cha shule kilikuwa chini yangu. Asubuhi moja nikakuta swali nililoliacha ubaoni limefanywa. Limefanywa vizuri kuliko nilivyokusudia kulifanya mimi. Kesho yake nikaacha jingine, gumu zaidi. Likafanywa. Siku ya tatu nikarudi usiku, nikamkuta mlinzi wa zamu ameegemeza rungu ukutani, chaki mkononi. Alitaka kukimbia." Akatabasamu kwa uchungu. "Nikampa ufunguo wa chumba. Jina la kuingilia alilichagua mwenyewe."

Nilikuwa namsikiliza huku vidole vyangu vikiendelea kuteremka kwenye ghala la 2009. Mlinzi alikuwa na tabia ya kuacha neno chini ya kila badiliko. *Zamu ya usiku. Mzani umekubali.* Lingine: *Mvua. Umeme umerudi saa tisa.* Kisha badiliko 131, Novemba 2008:

*Malipo ya pili tayari. Mtoto amegoma kubaki nyumbani, amelala hapa chini ya meza juu ya koti langu.*

Mngurumo wa ile seva ukabadilika masikioni mwangu. Niliujua. Niliwahi kulala ndani ya mngurumo ule, shavu langu kwenye kifungo cha shaba chenye baridi, huku juu yangu mtu akigonga vitufe taratibu kwa vidole viwili.

Nikaishika kola ya koti.

"Ulidhani nilikupata kwa bahati?" Mwalimu akauliza kwa sauti ndogo. "Matokeo yako ya kidato cha sita yalipotoka niliyatafuta kwa jina. Nilitaka uingie kwenye kikundi kwa uwezo wako kwanza. Ya baba yako nilikuwa nayashuku tu. Sidii hizi nilidhani zilipotea tulipohama nyumba. Bila ushahidi ningekwambia nini?"

Sikuweza kusema. Mama alikuja akanikumbatia kwa nyuma, akanibembeleza kwa Kinyakyusa, maneno ambayo sikuyaelewa na niliyaelewa.

Baba aliondoka Machi 2010. Alikuwa amepata kibarua cha utingo kwenye lori la kwenda Zambia kupitia Tunduma. Lori lilikutwa bondeni. Dereva alizikwa kwao. Baba hakuonekana, wakasema mto ulimchukua, matanga yakaanuliwa bila kaburi, na mama yangu akanirudisha Iringa nikiwa na miaka saba.

Machi 2010. Kitu fulani kikanigonga kichwani, kidogo, kama jiwe kwenye kiatu.

"Mwalimu. Fundi alibadilisha majina tarehe 14 Juni."

"Ndiyo."

"Alibadilisha yote ya mlinzi. Yote aliyoyakuta. Sasa kwa nini 1,147 ilibaki?"

Alifungua mdomo, akaufunga.

Nilirudi kwenye ghala la sasa. Alhamisi nilisoma mstari na maneno, sikusoma tarehe. Nikaandika amri, nikakosea herufi, nikaandika tena.

*1,147. mlinzi. 22 Agosti 2010.*

"Hiyo si tarehe ya kuandikwa na mtu," Mwalimu akasema polepole. "Badiliko likifika, seva inaweka saa yake yenyewe."

"Inaweza kukosea?"

"Dakika. Si miezi mitano."

Nikalitazama na badiliko la nyuma yake, 1,146, la Julai. La fundi. Ndilo lililopandisha uzito wa gunia kutoka kilo moja hadi mbili, kilo moja ya mkulima kwa kila gunia lililopanda mzani. Mwezi mmoja baadaye mtu alikuja akairudisha. Mtu aliyejua pa kugusa.

"Nenosiri lake alikuwa nalo nani?"

"Yeye peke yake. Hata mimi sikuwahi kulijua." Mwalimu alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa meza. "Binti yangu, mtu aliyeliliwa mwezi wa tatu hawezi kusahihisha hesabu mwezi wa nane."

Nje mbwa wa jirani wakaanza kubweka. Taa ya gari ikapita dirishani, ikasimama ukutani, ikazimika. Nikachomoa flashi yenye ghala la 2009, nikaitia mfuko wa ndani wa koti.

Geti lilifunguliwa bila kugongwa.

"Hodi, Mwalimu!" Ilikuwa sauti ya Fundi, lakini ule utamu wa mchana ulikuwa umekwisha. Alisikika kama mtu aliyelia njia nzima. "Naomba msinifukuze. Sikuja peke yangu."

Hatua za miguu zikapanda ngazi. Za kwanza za Fundi. Za pili zilikuwa nzito, za mtu anayechechemea, na kila baada ya hatua moja kitu kiligonga saruji. Ngo. Ngo. Kama rungu.

Mama alikitupia macho kile kitasa cha mlango, kikazunguka.

Je, ni nani aliyefuatana na Fundi? Na Jumamosi saa sita usiku ghala litafungwa kwa jina la nani? ITAENDELEA WIKI IJAYO.